Kumi Kurudi Moja: Vipuri vya Bunduki ya Baruti, Kuanzia Kilicho Rahisi

Bunduki iliyonitia katika kazi hii ina taji dogo kwenye bamba la mtambo wake, neno TOWER, na mwaka 1862. Ni Enfield ya mtindo wa 1853, ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu, kipenyo chake inchi .577, karibu milimita 14.7. Mzee mmoja jirani yangu hapa Ohio aliitundika juu ya meko tangu ujana wake, akaniuzia alipohamia nyumba ndogo. Haikuwa na nyundo wala mdeki. Skrubu mbili zilikuwa za kitanda. Springi kubwa ilikuwa vipande viwili ndani ya bahasha. Nimeitafutia vipuri miaka minne, na leo imetimia.

Siku ya kwanza nilimpigia simu mjomba wangu wa Tanga, fundi wa cherehani tangu enzi za Nyerere, nikaanza kumweleza kwa maneno ya Kiingereza kipande kinachobeba fataki. Akanikata. "Mjomba, hicho ni kifa. Na ile fimbo ya kushindilia ni mdeki. Mtutu ni kasiba. Hukufundishwa nyumbani?" Basi nikafundishwa kwa simu. Kiswahili kina majina ya vipande hivi kwa sababu bunduki hizi zilishuka Unguja kwa mashehena, kutoka Birmingham na Liège, zikapanda na misafara hadi Tabora na Ujiji. Hata Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba. Zikabaki, na majina yake yakabaki nazo.

Hesabu yangu inashuka. Namba kumi ni kipuri unachokipata kabla chai haijapoa. Ukifika namba moja, chai itakuwa imepoa, imemwagwa, na imepikwa upya mara kadhaa.

Neno moja la sheria kabla hatujaanza. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1968 huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, na majimbo yana masharti yake juu ya hapo. Tanzania ni habari nyingine kabisa: gobole bila kibali ni kosa, liwe la jana au la babu. Anayesoma haya akiwa Korogwe asiagize kitu chochote kabla hajafika polisi.

10. Jiwe la gumegume

Enfield yangu haitumii jiwe, lakini hesabu ya vipuri isiyo na gumegume ni pilau isiyo na bizari. Jiwe hili ndilo lililoipa bunduki nzima jina kwa lugha yetu. Jeusi lililo bora hutoka Brandon, mji mdogo wa Suffolk, Uingereza, ambako wapasuaji walilihudumia jeshi la Uingereza katika vita na Napoleon, na jeshi lilipohamia fataki wakaendelea kuuza mawe yao Afrika mpaka karne ya 20. Karibu na mji huo pana Grime's Graves, mashimo ambamo watu walichimba jiwe hilohilo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wafaransa wana lao, la rangi ya asali, kutoka upande wa Meusnes.

Wapasuaji wa mkono wangalipo, wachache, na mawe yao huuzwa kwa dazeni. Usichukue yale ya akiki yaliyokatwa kwa msumeno ikiwa unaweza kupata yaliyopasuliwa: ukingo wa kupasuliwa ni mkali kama wembe, wa msumeno ni wa kulazimisha. Maana cheche haitoki kwenye jiwe. Jiwe hukwangua chuma, na chembe za chuma ndizo zinazowaka. Nilipomweleza hivyo Mjomba, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Kwa hiyo jiwe ndilo linalosifiwa, na chuma ndicho kinachoungua." Ndivyo.

9. Mdeki

Rahisi, ila usichukue ufagio. Bunduki ndefu za Pennsylvania hutaka mdeki wa mti wa hikori, na cha kuangalia ni nyuzi za mbao: zikimbie sambamba tangu ncha hadi ncha. Zikikatiza upande, mdeki utapasuka mshazari siku unaposhindilia risasi iliyobana, na ile ncha kali itapita kiganjani. Muuzaji mdogo mwenye kujali hupasua hikori yake badala ya kuikata kwa msumeno, ili nyuzi zenyewe zichague njia. Mlipe hiyo dola ya ziada.

Enfield hutaka mdeki wa chuma. Nao upo, nakala nzuri. Wiki tatu ukafika mlangoni, nikaushangilia kama mgeni wa Idi.

8. Fataki na kifa chake

Fataki ina kisa kizuri. Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Belhelvie, Scotland, alipenda kuwinda ndege wa majini, na ndege walipenda kuruka mara waonapo mwako wa gumegume. Akatafuta njia ya kuwasha baruti kwa pigo, bila mwako wa nje, akapata hataza mwaka 1807. Kikombe kidogo cha shaba kilifuata baadaye. Bata wa Belhelvie hawakupata nafasi ya kutoa maoni.

Fataki zenyewe hutoka viwandani. Kazi ya mtengenezaji mdogo ni kifa, ile chuchu ya chuma yenye tundu katikati ambayo fataki huvaa kama kofia. Kifa kikichakaa tundu lake hupanuka, moto hurudi nyuma, na nyundo huinuka yenyewe. Kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili, na hapo ndipo watu wanapoharibu kasiba ya miaka 160.

Vifa vingi vya Kimarekani vina kipenyo cha robo inchi na nyuzi 28 kwa inchi. Vingi vya nakala za Italia ni milimita 6, nyuzi zikiachana kwa milimita 1 au 0.75. Robo inchi ni milimita 6.35. Ukivishika mkononi utaapa ni ndugu wa tumbo moja. Kilicho chembamba kitaingia kwenye tundu la kilicho kinene, kitazunguka raundi mbili tatu, utafurahi, kisha kitaruka kama risasi siku ya kwanza, na wewe ndiwe uliye nyuma yake. Kilicho kinene kitaingia kwa nguvu na kutafuna nyuzi zote njiani. Bunduki za kijeshi zina vipimo vyao vikubwa zaidi. Kwa hiyo usiagize kifa kwa jina la bunduki. Pima nyuzi kwa kipimo chake, andika namba, na umtumie fundi kile cha zamani ikiwa kilitoka salama.

7. Kabari ya Colt, na ukoo wote wa Gardone

Wenye bastola za Colt msidhani nimewasahau. Bastola nyingi za baruti za Colt zina kasiba iliyoshikwa na kabari moja ya chuma. Neno ni lilelile la seremala, na kazi ni ileile. Toa kabari, bastola inafunguka mikononi. Sahau ulipoiweka, una vipande viwili vya chuma na huzuni.

Hapa Italia inakuokoa. Gardone Val Trompia ni mji wa bonde la milimani ambao umekuwa ukitengeneza kasiba kwa karne nyingi; hati ya mwaka 1526 inaonyesha Bartolomeo Beretta akilipwa na Ghala la Silaha la Venezia kwa kasiba 185. Katika bonde hilohilo Davide Pedersoli alianza 1957 na Aldo Uberti 1959, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kuadhimisha miaka mia ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe na kila mtu akitaka nakala ya bunduki ya babu. Vipuri vya nakala hizo vinapatikana kwa wingi, na Marekani kuna mahali kama Dixie Gun Works ya Union City, Tennessee, iliyoanzishwa na Turner Kirkland mwaka 1954, yenye katalogi nene kama ya nguo za harusi.

Ila sikiliza mambo mawili. Kabari ya nakala haiingii tu kwenye Colt ya kale. Itataka tupa, na tupa itumike kwenye kabari mpya, kamwe isiguse bastola ya kale. La pili, ikiwa bastola yako yenyewe ni nakala ya Italia, tafuta kisanduku kidogo kilichogongwa kwenye chuma chenye alama ya mwaka. Hiyo ni alama ya majaribio ya serikali. Viwanda vilibadilisha vipimo kadiri miaka ilivyokwenda, na fundi atakuuliza mwaka kabla hajakuuliza jina lako.

6. Skrubu

Mjomba alicheka hapa mpaka nikasikia kikohozi. "Skrubu? Miaka minne? Mjomba, njoo Tanga, nina kopo zima."

Kopo lake nalijua. Ni la maziwa ya unga, liko chini ya meza ya kazi, na ndani yake mna skrubu za cherehani zote zilizowahi kufia Ngamiani, mjini Tanga. Lakini hata kopo hilo lisingenisaidia. Joseph Whitworth alipendekeza nyuzi za aina moja kwa Uingereza nzima mwaka 1841, na William Sellers akafanya hivyo Marekani mwaka 1864. Katikati ya pendekezo na utii huwa pana umri wa mtu. Karakana za bunduki ziliendelea kukata nyuzi kwa zana zao wenyewe, kila moja na zake, na skrubu ya nyumba hii haikuwa na habari na ya nyumba ya pili.

Na hapa ndipo nilipoielewa bunduki yangu. Kiwanda cha serikali cha Enfield kilinunua mashine za Kimarekani katikati ya miaka ya 1850, nyingi kutoka Robbins & Lawrence ya Windsor, Vermont, na kwa mashine hizo kikatoa bunduki ambazo kipande cha moja huingia kwenye nyingine. Ajabu ya zama zake. Lakini Enfield zilizouzwa kwa mamia ya maelfu kwa pande zote mbili za vita vya Marekani hazikutoka huko. Nyingi zilitoka kwa mafundi wa Birmingham na London, waliotengeneza kwa mkono, kila mtambo ukipatanishwa na bamba lake. Taji lisilo na herufi za Malkia chini yake, neno TOWER, mwaka 1862: yangu ni ya hao. Jina ni Enfield, lakini bunduki haijawahi kuona mlango wa Enfield. Kipuri kinachoingia kwenye bunduki ya jirani hakina deni la kuingia kwenye yangu.

Mtu aliyenitengenezea skrubu anafanya kazi peke yake nyuma ya nyumba yake, kwa tanuri moja ndogo na mashine moja ya kukereza. Aliniambia nisimpe vipimo, nimpe bamba. Nikampelekea kwa posta. Zikarudi skrubu mbili, vichwa vimezungushwa kwa mkono, mfuo wa bisibisi mwembamba kama walivyofanya wa kale. Hilo la mwisho ni la kushika: bisibisi ya dukani ina mdomo wa kabari na itang'oa kingo za mfuo. Noa bisibisi yako iwe bapa, ijae mfuo wote.

5. Mbao

Kitako kilichovunjika shingoni ni msiba wa kawaida, kwa kuwa shingo ndipo mbao ilipo nyembamba na ndipo nyuzi zinapopinda. Enfield na Springfield hutaka mjozi. Bunduki ndefu za Pennsylvania hupendeza kwa mepo yenye mawimbi, mti uleule unaotoa asali ya kumwagia chapati za Kimarekani.

Kuchonga kitako kwa kufuata mfano si jambo jipya. Thomas Blanchard alibuni mashine ya kufanya hivyo mwaka 1819 na ikafanya kazi kwenye ghala la silaha la Springfield. Leo karakana ndogo hukuuzia kitako kilichochongwa "asilimia 95." Ndugu msomaji, hiyo asilimia 5 iliyobaki ni majira yote ya baridi. Unapaka chuma masizi ya mshumaa, unakikandamiza kwenye mbao, unakitoa, unaona penye weusi, unakwangua hapo tu, unene wa unywele. Unarudia. Mara mia. Mjomba alinielewa upesi, kwani ndivyo maseremala wa majahazi wanavyopatanisha ubao na taruma.

Usiogope. Tafuta filamu ya 1969 inayomwonyesha Wallace Gusler, fundi wa Colonial Williamsburg, akitengeneza bunduki nzima kuanzia kipande cha chuma na gogo. Ukimwangalia anavyofua kasiba, hiyo asilimia 5 itaonekana zawadi.

4. Vipande vya kumimina

Vikinga vya kifyatulio, bamba la nyuma ya kitako, mirija ya mdeki: vingi ni shaba ya kumimina, na kwa namba hii mlango wa watengenezaji wadogo unafunguka wazi. Kwa mitambo adimu, The Rifle Shoppe ya Jones, Oklahoma, imejaza katalogi nzima kwa nakala za mitambo ya karne tatu, kuanzia ya utambi hadi ya fataki, ikiuzwa kwa seti za vipande ghafi unavyovimalizia mwenyewe au kwa fundi wako.

Vipande hivi humiminwa kwa njia ya nta: hutengenezwa mfano wa nta, hufunikwa kwa udongo maalumu, nta huyeyushwa ikatoka, chuma kikaingia mahali pake. Ni njia ya kale na nzuri. Lakini chuma kikipoa hunywea, na nta nayo ilikwisha kunywea kabla yake. Ukichukua kipande cha asili ukakitolea kalibu moja kwa moja, mtoto atakuwa mdogo kuliko mama. Bamba la mtambo la sentimita 13 likipungua asilimia 2 linapoteza zaidi ya milimita 2 na nusu, na matundu yote ya skrubu yanasogeleana. Unaliweka kwenye mbao ya asili, linacheza kama jino la mtoto.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtengenezaji ni hili: je, mfano wako ulikuzwa kufidia kunywea? Fundi wa kweli hujibu kwa furaha, na pengine atakupa hotuba. Ikaribishe hotuba hiyo. Nimejifunza chuma zaidi kwenye simu za baada ya chakula cha jioni kuliko kwenye kitabu chochote, na watu hawa huzungumza na mgeni kutoka Tanga kama wanavyozungumza na jirani, mradi mgeni amepima kabla ya kupiga.

Subira nayo. Fundi mmoja humimina mara mbili tatu kwa mwaka, akisubiri oda zijae. Miezi minane ni kawaida. Kumsumbua kila Jumatatu hakuongezi moto kwenye tanuri.

3. Nyundo

Nyundo ndiyo iliyonifundisha kwa gharama. Muuzaji mmoja alikuwa nayo tayari, imeng'arishwa, tundu la mraba limekwisha kukatwa. Picha nzuri, bei nzuri. Ikafika. Ikaingia kwenye mhimili. Nikaiachia taratibu juu ya kifa, na ikasimama kidole kizima kabla ya kukifikia.

Kosa lilikuwa pembe. Tundu la mraba lina pande nne tu, na likigeuka nyuzi chache nyundo nzima inakaa mahali pengine angani. Nyundo lazima itue juu ya kifa sawasawa, uso wake ukikilalia bapa. Ikivutwa kidogo, ikae kwenye kishikizo cha usalama. Ikivutwa zaidi, ikae tayari. Mambo matatu, tundu moja. Kwenye bunduki zilizotengenezwa kwa mkono hakuna aliyezaliwa anayeweza kulikata tundu hilo bila kuuona mtambo wenyewe.

Ndiyo maana watengenezaji wazuri huuza nyundo isiyo na tundu. Mnunuzi mpya hudhani ni uvivu, kumbe ni heshima. Ya pili niliipata Friendship, Indiana, ambako chama cha kitaifa cha wapiga bunduki za mdomo, kilichoundwa 1933, hukutana kwa mashindano makubwa majira ya machipuko na ya vuli, na nyuma ya uwanja mahema ya wauza vipuri hupangwa kama soko la mnada. Nilikuwa na mtambo wangu ndani ya soksi. Mzee aliyekuwa na nyundo ghafi kwenye sanduku la mayai aliutoa, akauzungusha kwenye mwanga, akachora mstari wa penseli kwenye nyundo, na kusema nirudi baada ya chakula. Niliporudi tundu lilikuwa limekatwa kwa tupa. Nyundo ilitua juu ya kifa kama kuku anavyotua juu ya yai lake.

Akaniambia pia nisiitumie bado. Chuma cha kumimina ni laini. Kinapaswa kufungiwa ndani ya boksi lenye mkaa wa mifupa na ngozi, kipashwe mpaka kiwe chekundu, kisha kitumbukizwe majini, ili ngozi ya nje iwe ngumu na moyo ubaki laini. Chuma kigumu chote huvunjika; chuma laini chote hujikunja. Alinielekeza kwa mtu mwingine mdogo kama yeye anayefanya hilo tu, na hafanyi lingine.

2. Springi kubwa na tambla

Hapa hata mafundi hushusha pumzi kabla ya kujibu.

Tambla ni kile kipande cha ndani ambacho mhimili wake hubeba nyundo. Kina mikato miwili ambayo ulimi mdogo huingia: wa kwanza wa usalama, wa pili wa kufyatulia. Mikato hiyo ni kama uzi kwa upana. Ikilika, bunduki hufyatuka mkononi mwa mtu ambaye hajagusa kifyatulio. Sitaki mzaha hapa: usinunue tambla ghafi ukaikata mwenyewe kwa kuangalia picha. Mpe mtambo wote fundi wa mitambo. Bunduki ya kutundika ukutani inaweza kuwa na tambla ya kubahatisha. Ya kupiga, hapana.

Springi kubwa ya Enfield ina umbo la V iliyolala, na huishika tambla kwa kiungo kidogo kinachocheza. Mjomba alipendezwa na springi hii kuliko kitu chochote, kwa sababu cherehani za kale zina binamu zake. Chuma chake ni cha kaboni nyingi. Hupindwa kikiwa chekundu, hupozwa ghafla ndani ya mafuta, na hapo huwa kigumu kama kioo na hakifai kitu. Kisha hupashwa tena, kwa moto wa chini, kati ya nyuzi 370 na 425 za Selsiasi, kiachie ugumu kidogo na kupata mnyumbuko. Chini ya hapo kitavunjika. Juu ya hapo kitachoka. Mafundi wengine hutumia risasi iliyoyeyuka ili joto liwe sawa kila upande.

Na haiuziki kwa jina la bunduki. Kijino cha kuishikilia springi huingia kwenye tundu la bamba, na Birmingham kila fundi alitoboa tundu alipoona panafaa. Niliandikia watengenezaji sita. Wanne walisema hapana, kwa upole. Mmoja alisema mwaka ujao. Wa sita aliuliza swali moja: "Ile iliyovunjika unayo?"

1. Kipande kilichovunjika

Nilikuwa nayo. Mzee jirani yangu, Mungu amjalie, aliitia kwenye bahasha siku ilipovunjika, akaandika tarehe kwa penseli, na bahasha ikakaa kwenye droo ya jikoni miaka ishirini na kitu.

Fundi alipoweka vipande viwili pamoja alipata kila kitu: urefu wa mkono wa juu na wa chini, unene unavyopungua kuelekea ncha, kijino kilipo, ndoano ya kiungo ilivyopinda, hata mahali chuma kilipochoka. Kipimo cha kasiba unaweza kukipata kitabuni. Mkunjo wa springi iliyokunjwa na mtu mmoja wa Birmingham mwaka 1862 haukuandikwa popote ila kwenye springi yenyewe. Wiki tano baadaye nilipokea boksi dogo lenye springi mpya, na ile ya kale imefungwa kwenye karatasi ya mafuta, na maneno mawili: usiitupe hii.

Nilimpigia Mjomba. Nilimwekea simu karibu na mtambo, nikavuta nyundo polepole: mkato wa kwanza, mkato wa pili. Mbofyo wa kwanza, mbofyo wa pili. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," na akaniuliza kama nimekula.

Ndiyo maana kipuri namba moja hakiuzwi popote. Watengenezaji wadogo wanaweza kunakili karibu kila kitu, lakini hawawezi kunakili kisichokuwepo, na vingi vimetupwa na watu waliokuwa wakisafisha nyumba. Baruti yenyewe huacha chumvi zinazovuta unyevu, na pwani yetu ina unyevu wa kutosha kuila springi nzuri kwa miaka michache. Kwa hiyo vitu vinavunjika, na vitaendelea kuvunjika.

Ikiwa unafanya kazi kwenye makumbusho ya Bagamoyo au Ngome ya Yesu, ikiwa familia yako ina gobole lenye kibali, ikiwa umenunua Enfield kwa mzee wa Ohio: kipande kikidondoka, kiokote. Kifute, kipake mafuta, kitie kwenye bahasha. Andika tarehe, andika kilitoka upande gani wa mtambo, na ukiweke pamoja na bunduki yake.